Watoto Wasio na Kwao: Habari za Skuli ya Kiungani

Skuli huanza, aghalabu, mahali ambapo wazazi wana watoto na watoto wana haja ya elimu. Mzazi humshika mwanawe mkono, akampeleka kwa mwalimu, akamkabidhi kwa maneno machache. Na jioni mtoto hurudi nyumbani kwao. Katika makabidhiano hayo mna haki tatu: haki ya mzazi ya kuuliza mtoto wake anafundishwa nini, haki ya mwalimu ya kuheshimiwa, na haki ya mtoto ya kurudi kwao. Skuli iliyoanzishwa mjini Unguja mwaka 1864 na Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake U.M.C.A., haikuwa na mzazi wa kuuliza wala nyumba ya kurudia. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto wanaume watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hawakuletwa na baba wala mama, hawakujua lugha ya walimu wao, na jioni ilipoingia walilala katika nyumba ile ile waliyofundishwa mchana. Habari za skuli hiyo, iliyokuja kuitwa Kiungani, zimesimuliwa mara nyingi kama sehemu ya habari za maaskofu. Zafaa kutazamwa pia kama habari za watoto: walipewa nini, walinyimwa nini, na wao wenyewe walitoa nini.

Asili ya misheni hiyo haikuwa Unguja. Desemba 1857 David Livingstone, aliyekuwa amerejea Uingereza baada ya kuvuka Afrika kutoka pwani hata pwani, alihutubia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akawahimiza vijana wa huko waende wakafuate njia aliyoifungua. Watu wa Cambridge, Oxford, Durham na Dublin wakaitikia mwito huo. Askofu wao wa kwanza, Charles Frederick Mackenzie, alipewa daraja mjini Cape Town siku ya mwaka mpya wa 1861, kisha akapanda na wenziwe mpaka nyanda za juu za Shire, katika nchi inayoitwa leo Malawi. Huko, hata kabla hawajajenga, walikutana na misafara ya watumwa. Livingstone na wenziwe wakawafungua watu wengi, wanawake na watoto wakiwa wengi wao, wakamwachia askofu. Basi Mackenzie, aliyekuja kuhubiri, akajikuta baba wa kijiji cha watu waliokombolewa pale Magomero. Vita vikaingia, njaa ikafuata, na homa ikamaliza kazi. Januari 1862 Mackenzie mwenyewe akafa, mwaka mmoja tu tangu apewe daraja.

Aliyemrithi, William George Tozer, alifika mwaka 1863 akakuta kundi lililodhoofika. Alijaribu kukaa katika mlima wa Morambala, na baada ya miezi michache akakata shauri kuiacha nchi ile kabisa. Livingstone alikasirika sana, akaona kuwa waliotumwa kukabili biashara ya watumwa wameipa kisogo. Lakini lililouma zaidi lilikuwa jambo la wale waliokombolewa. Je, waachwe? Horace Waller, mmoja wa watu wa Mackenzie, alikataa katakata, akajitenga na misheni kwa ajili yao. Baadhi yao wakapelekwa Cape Town, na vijana wawili, Chuma na Wekotani, wakachukuliwa na Livingstone katika safari yake ya bahari mpaka Bombay. Jambo hili halifai kusahauliwa katika habari za Kiungani. Askofu aliyeondoka Shire pasipo watoto wa Shire ndiye yule yule aliyekabidhiwa, katika mwaka uo huo wa 1864, watoto wengine watano. Na safari hii hakuweza kuwapa kisogo.

Tozer na rafiki yake, kasisi Edward Steere, walishuka Unguja mwisho wa Agosti 1864. Sababu zao zilikuwa za watu wanaopima kabla ya kukata. Bara ilikuwa imewaua wenzao; Unguja ilikuwa na bandari, mabalozi, wafanya biashara wa Kihindi, na habari za kila nchi. Misafara yote mikubwa iliyokwenda Tanganyika na Nyasa ilifungwa mizigo yake huko, na kila pagazi aliyerudi alirudi na neno. Watu walikuwa na msemo kuwa zumari ikipigwa Unguja, hucheza watu wa maziwani. Tozer alitaka kuipiga zumari hiyo. Alikusudia kukaa mahali penye afya kidogo, kuwalea vijana wa Kiafrika katika elimu na dini, kisha kuwatuma bara wakawe makasisi wa watu wao. Kwa fikira yake, Mzungu angekuwa mwalimu wa walimu, na kazi yenyewe ingefanywa na Waafrika. Ilikuwa fikira ya busara, ila ilikuwa na shimo moja katikati yake: ilidhani kuwa vijana hao wangekuwa na watu wao wa kurudia.

Mji wenyewe ulikuwa na sura mbili. Upande wa Shangani zilisimama nyumba ndefu za mawe zenye milango ya nakshi. Ng'ambo ya kijito vilienea vibanda vya udongo na makuti. Sultani Majid bin Said alitawala, na utajiri wa nchi ulitoka katika karafuu na pembe, na vyote viwili vilisimama juu ya mabega ya watumwa. Mkataba wa 1845 ulikuwa umekataza watumwa kupelekwa nje ya milki ya Sultani katika Afrika, lakini ndani ya milki hiyo kuuza na kununua mtu kulikuwa halali, na soko lilikuwa wazi machoni pa kila apitaye. Wala haukuwa mji wa watu wasiojua kusoma. Watoto wa waungwana, na wengi wasio waungwana, walikwenda chuoni kwa mwalimu wao, wakasoma Kurani, na watu wazima waliandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Misheni ilifungua skuli katika mji wenye elimu yake na dini yake, na wenyeji hawakuona sababu ya kuwapeleka watoto wao kwa wageni wa dini nyingine. Kwa hiyo skuli ya Kikristo ilipata wale tu ambao hapakuwa na mtu wa kuwakatalia.

Watoto watano wa kwanza walitolewa na Sultani Majid mwenyewe, katika jahazi la watumwa lililokuwa limekamatwa. Alimpa askofu kama mtu apavyo mgeni zawadi. Kwa desturi ya nchi ulikuwa ukarimu. Na kwa watoto wale ilikuwa, bila shaka, nafuu kubwa kuliko soko. Walakini mwenye kufikiri ataona kuwa hawakuulizwa neno. Mtu aliwateka, mtu akawauza, mtu akawapakia, mtu akawakamata, mtu akawatoa, mtu akawapokea. Na katika mlolongo huo wote mtoto alikuwa kitu kinachopita mikononi. Mkono wa mwisho ulikuwa wa upole, lakini nao ulikuwa mkono mwingine tu, na mtoto hakuwa na njia ya kujua tofauti yake ila kwa kungoja aone. Kazi ya kwanza ya skuli, kabla ya alifu na be, ilikuwa kumsadikisha mtoto kuwa hatauzwa tena.

Majina yao yaeleza habari hiyo kuliko maelezo marefu. Miongoni mwa wale wa mwanzo walikuwamo Swedi, Mabruki, Farajallah na Feruzi. Mabruki ni aliyebarikiwa. Farajallah ni faraja itokayo kwa Mungu. Feruzi ni kito cha thamani. Ni majina mazuri, na majina ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa yakipewa watumwa na mabwana wao. Walipobatizwa waliongezewa mengine: John Swedi, Francis Mabruki, George Farajallah, Robert Feruzi. Hivyo kijana alibeba jina la utumwa na jina la ubatizo, yote mawili yametoka kwa watu aliokutana nao njiani. Jina alilopewa na mama yake siku ya kuzaliwa halimo katika madaftari. Pengine mwenyewe alilikumbuka, akalihifadhi moyoni. Pengine alichukuliwa angali mdogo mno. Kila anayetaka kujua jinsi skuli hii ilivyotofautiana na skuli nyingine na aanzie hapo.

Mwanzo watoto walikaa katika nyumba ya misheni Shangani, na hata mjini hawakuwa salama. Pepo za kaskazi zilipoleta majahazi ya Waarabu wa kaskazini, wizi wa watoto uliongezeka. Mtoto aliyetembea peke yake jioni aliweza kunyakuliwa, akatiwa jahazini, asionekane tena. Baada ya miaka michache misheni ikapata mahali nje ya mji, upande wa kusini, karibu na bahari, panapoitwa Kiungani. Watoto wanaume wakahamia huko, na jina la mahali likawa jina la skuli. Wasichana nao walipata baadaye mahali pao Mbweni, mbele kidogo katika njia iyo hiyo. Kiungani palikuwa na upepo, miti na nafasi ya kucheza. Palikuwa pia mbali kidogo na mji, na umbali huo ulikuwa na faida na hasara. Uliwalinda watoto na wezi na ndui za mjini. Lakini uliwafanya kuwa kisiwa ndani ya kisiwa, Wakristo wachache katikati ya Waislamu wengi, watu wa bara katikati ya watu wa pwani, huru wasio na ukoo katika nchi ambayo uhuru ulipimwa kwa ukoo.

Katika kisiwa hicho ndipo lilipotokea jambo kubwa kuliko yote. Watoto walitoka katika makabila mengi: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Hawakusikilizana kwa lugha za mama zao. Walimu walisema Kiingereza, ambacho hakuna mtoto aliyekijua. Lugha pekee iliyoweza kuwakutanisha wote ilikuwa Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya mwalimu yeyote wala ya mwanafunzi karibu yeyote. Mwalimu na mwanafunzi walijifunza pamoja, na mara nyingi mwanafunzi ndiye aliyetangulia, maana masikio ya mtoto ni mepesi. Steere alikuwa mtu wa kusikiliza. Alikaa na vijana wa nyumbani, akakaa na wazee na wajuzi wa mjini, akauliza, akaandika, akafuta, akauliza tena. Mwaka 1870 kikatoka kitabu chake cha kufundisha lugha ya Kiswahili cha Unguja, na mwaka uo huo zikatoka hadithi za Kiswahili alizozikusanya kwa midomo ya wenyeji. Vitabu hivyo vina jina la Steere tu juu yake, na ni haki yake, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi ya kupanga na kueleza. Lakini lugha iliyomo ndani yake ilitoka vinywani mwa wengine.

Jambo jingine lafaa kuangaliwa katika kazi hiyo ya lugha. Misheni ilihitaji maneno ya sala, ya dhambi, ya imani, ya toba, ya rehema. Na maneno hayo yalikuwapo tayari katika Kiswahili, yameletwa na kulainishwa na karne nyingi za Uislamu wa pwani. Steere hakuyaogopa. Aliona kuwa lugha ya watu haigawanyiki kama shamba, hili la huyu na hili la yule. Hivyo mtoto wa Kiyao aliyebatizwa Kiungani alimwomba Mungu kwa maneno yale yale ambayo jirani yake Mwislamu aliyatumia msikitini. Watu hao wawili walitengana kwa dini, na mara nyingi walitazamana kwa shaka. Walakini walipofungua midomo walikuwa wakichota katika kisima kimoja. Biblia nzima ya Kiswahili iliyotokana na kazi ya Steere na waliomfuata ilikamilika mwaka 1891, na alama ya kisima hicho i wazi katika kila ukurasa wake.

Masomo ya Kiungani yalikuwa ya namna mbili, na namna hizo mbili hazikupatana daima. Tozer alitazamia makasisi. Kwa hiyo wenye akili nyepesi walifundishwa maandiko, hesabu, jiografia na Kiingereza, wakazoezwa sala na ibada; na mwaka 1870 John Swedi na George Farajallah wakapewa daraja ya ushemasi mdogo, miaka sita tu baada ya kutolewa jahazini. Lakini si kila mtoto aliyeokolewa anataka kuwa kasisi, wala si kila mmoja afaa. Kuokolewa si wito. Wengine walifundishwa useremala, uashi na kazi za shamba. Na wengine wakapewa kazi iliyoleta faida kuliko ilivyotazamiwa, nayo ni kupiga chapa. Steere mwenyewe alikuwa ameujua ufundi huo. Vijana walijifunza kupanga herufi za risasi moja moja, kusahihisha na kukaza kurasa. Vidole vilivyokuwa vimefungwa kamba safarini vikawa vinapanga sentensi za Kiswahili, na hapana budi mpiga chapa awe msomaji makini, maana kosa lake huonekana na watu wote.

Miaka ya mwanzo haikuwa myepesi. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana Unguja. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa ikapiga kisiwa, ikang'oa mikarafuu, ikavunja majahazi bandarini, na majengo ya misheni hayakusalimika. Afya ya Tozer ikavunjika, akajiuzulu mwaka 1873. Steere, aliyekuwa amerudi kutoka Uingereza, akawa askofu mwaka 1874. Katikati ya misiba hiyo likatokea jambo lililobadili maisha ya skuli. Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akilazimishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Mahali pa soko la Mkunazini pakapatikana kwa misheni, na siku ya Krismasi ya mwaka ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu. Manowari za Kiingereza zikazidi kukamata majahazi, na kila jahazi lililokamatwa lilileta watu wa kutunzwa. Skuli iliyoanza na watoto watano ikaanza kujaa.

Sasa likaja swali ambalo Tozer hakulijibu: vijana hawa, wakishasoma, waende wapi? Jibu la misheni lilikuwa bara. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka Mbweni, wakaanzisha kijiji cha Kikristo pale Masasi, kusini. Na katika safari zake za bara alimtumia kiongozi hodari wa misafara, naye ni Chuma, yule yule mtoto wa Shire aliyekuwa amefunguliwa kongwa mwaka 1861, na ambaye pamoja na Susi walikuwa wameubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani. Watoto waliokataliwa na wale waliopokelewa wakakutana hivyo katika njia moja. Lakini kurudi bara hakukuwa kurudi kwao. Mtu aliyechukuliwa akiwa na miaka saba, akarudi na miaka ishirini, hakumkuta mama mlangoni. Mara nyingi hakujua hata kijiji kilikuwa wapi, na kama alijua, vita vilikuwa vimekifuta. Wenyeji walimwona mtu wa pwani, avaaye kanzu na kusema Kiswahili, mwenye dini ya Wazungu. Alikuwa mgeni Unguja kwa kuwa ni mtu wa bara. Akawa mgeni bara kwa kuwa ametoka Unguja.

Hata hivyo ugeni huo ulizaa nguvu yake, na hapa wanafunzi wawili wafaa kutajwa. Wa kwanza ni Dallington Maftaa. Alifuatana na Henry Morton Stanley katika safari iliyoanza mwaka 1874, na walipofika Buganda mwaka 1875 Kabaka Mutesa alitaka kusikia zaidi habari za dini ya Kikristo. Stanley akaenda zake. Dallington akabaki barazani kwa Kabaka, akimsomea maandiko kwa Kiswahili na kumwandikia barua. Wamisheni wa Kiingereza hawakufika huko ila mwaka 1877. Kwa muda wa miaka miwili, basi, mwalimu wa Kikristo katika jumba la mmoja wa wafalme wakubwa wa Afrika ya Mashariki alikuwa kijana aliyewahi kuwa mtumwa, hana askofu karibu, hana mshahara wa kutumainia, ana vitabu vichache na Kiswahili chake. Vitabu vya historia humtaja kwa mstari mmoja, baada ya kurasa nyingi za Stanley. Lakini zumari ya Tozer ilisikika ziwani kwa pumzi ya kijana huyo.

Wa pili ni Cecil Majaliwa, Myao aliyetolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa Kiungani, kisha akapelekwa Canterbury, Uingereza, kuongeza elimu. Alipewa ushemasi mwaka 1886, akaenda kukaa Chitangali, upande wa Ruvuma, kwa Nakaam, mkuu wa Wayao. Mwaka 1890 akapewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuufikia. Kwake fikira ya kale ya Tozer ilitimia kama ilivyokusudiwa: Mwafrika katikati ya Waafrika, wa kabila lake, akisema lugha yao, akifundisha watoto na kubatiza wazee, pasipo Mzungu wa kumsimamia kila siku. Kazi yake ilistawi. Lakini yeye na mkewe, aliyelelewa Mbweni, walikuwa na watoto, na mzazi aliyelelewa skuli hutaka watoto wake wapate skuli. Mwaka 1897 Majaliwa alirudi Unguja. Mtu aliyepewa kila jina la Kiyao na watu wa Chitangali alijua kuwa nyumbani pa kulea wanawe palikuwa pale alipolelewa yeye. Katika uamuzi huo kuna jibu la swali la Kiungani, wala si jibu ambalo waanzilishi walilitazamia: skuli, iliyokusudiwa kuwa njia ya kupita, imekuwa kwao.

Watoto wenyewe walisema nini? Kwa bahati njema kuna ushahidi. Mwaka 1887 A. C. Madan, mwalimu wa misheni aliyekuja kutunga kamusi kubwa za Kiswahili, alitoa kitabu kiitwacho Kiungani, chenye habari zilizoandikwa na vijana wa skuli: desturi za makabila yao, hadithi za kwao, na jinsi kila mmoja alivyotekwa. Kitabu kilitolewa kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa Uingereza ambao sadaka zao ziliiweka skuli, na lazima msomaji akumbuke ni nani aliyeuliza na ni nani aliyefasiri. Pamoja na hayo, ni miongoni mwa maandishi machache ya karne ile ambayo mtumwa anaeleza utumwa mwenyewe, tena angali kijana, kumbukumbu zingali mbichi. Skuli nyingi humfundisha mtoto kuandika ili aandike yale ya mwalimu. Kiungani, kwa kusudi au kwa bahati, iliwafundisha watoto kuandika, kisha ikawaomba waandike yao.

Mwaka uliofuata, 1888, wakatoa gazeti la Kiswahili liitwalo Msimulizi, miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya lugha hii. Habari zake zilitoka Kiungani na katika vituo vya misheni vya visiwani na bara: nani amefika, nani amefariki, nani ameoa, mvua ilikuwaje. Kwa mtu mwenye ukoo, habari za namna hiyo huletwa na shangazi na binamu. Kwa vijana waliotawanyika Magila, Masasi na kwingineko, wasio na shangazi wala binamu, gazeti ndilo lililokuwa ukoo. Mtu alisoma jina la mwenziwe waliyelala chumba kimoja, akajua kuwa yu hai.

Miaka ilivyopita, skuli ilibadilika. Biashara ya watumwa ikapungua, na mwaka 1897 hali ya kisheria ya utumwa ikaondolewa Unguja na Pemba. Watoto wa majahazi wakawa wachache. Mahali pao wakaja wana wa wakulima wa Bonde na wa Masasi, walioletwa na wazazi wao kwa hiari. Chuo kikawa cha walimu, na mwaka 1925 kazi yake ikahamishiwa Minaki, karibu na Dar es Salaam, ambako vizazi vya wasomi wa Tanganyika vilipita. Kufikia hapo Kiungani ilikuwa imekuwa skuli kama skuli nyingine, yenye wazazi wa kuuliza na likizo za kwenda nyumbani.

Wapo watakaohukumu kazi hiyo kwa ukali, nao wana hoja. Misheni iliwachukua watoto wasioweza kukataa, ikawapa dini bila ya kuwapa nafasi ya kulinganisha. Ikawalea kwa ajili ya mpango wake. Ikachelewa sana kuwakabidhi madaraka makubwa ambayo ilidai tangu siku ya kwanza kuwa inawaandalia. Hakuna Mwafrika aliyekuwa askofu wake kwa karibu miaka mia moja. Wapo pia watakaosifu, nao wana hoja yao: pasipo nyumba ile, watoto wale wangekuwa shambani kwa bwana, au ng'ambo ya bahari, au chini yake. Hukumu zote mbili zatazama waliotoa. Mizani hukaa sawa zaidi ikitazamwa upande wa waliopokea, kwa kuwa wao ndio waliogeuza nyumba ya makimbilio kuwa kitu ambacho mwanzilishi hakukichora.

Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za Afrika ya Mashariki walikutana Mombasa, wakakubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na skuli. Sababu zilikuwa nyingi, na moja yao ilikuwa kwamba Kiunguja kilikuwa tayari na sarufi, kamusi na vitabu vilivyopigwa chapa. Mwanafunzi wa leo anayefungua kitabu cha Kiswahili sanifu, popote alipo, anapita katika njia iliyoanza kukanyagwa na Steere na Madan, na pamoja nao watoto waliowafundisha walimu wao kutamka, wakapanga herufi zao, wakasoma kwa sauti ili kosa lisikike. Watu husema mkosa mila ni mtumwa. Watoto wale walinyang'anywa kabila, ukoo na jina. Wakashika lugha isiyokuwa ya mama zao, wakaifanya yao, kisha wakaiacha iwe ya wengi. Mtu asiye na kwao alisaidia kujenga nyumba ambayo leo mamilioni wanasema ni kwao.